Mwenye Kitoweo Si Mgeni

Moa iko kaskazini ya mji wa Tanga, wilaya ya Mkinga, bahari mbele na mpaka wa Kenya ubavuni. Wenyeji wake ni Wadigo na Wasegeju, lakini ukikaa pwani msimu mmoja tu utasikia lafudhi ya Pemba, ya Vanga na ya mjini Tanga zikibishana bei ya samaki. Kila mwaka kuna watu wanaoshuka hapa na nyavu zao, wakaomba mahali pa kulala, wakakaa miezi, kisha wakaondoka. Vijana wa hapa nao huondoka: zamani Mombasa na Unguja, siku hizi hata Muscat na Dubai. Kijiji cha namna hii hakina budi kujua ugeni ni nini na unakwisha lini.

Mazungumzo mengi kuhusu chakula cha ugenini huwa ni ya kukosa. Nazi haina tui, samaki amekaa kwenye barafu mpaka amepoteza ladha, mchele haunukii, muhogo umepakwa nta na bei yake haishikiki. Malalamiko hayo ni ya kweli, nami sina sababu ya kuyapuuza. Ila yanamtazama mtu wa ugenini kama mlaji tu, na hapo ndipo yanapopungukiwa. Mtu haachi kuwa mgeni siku anapozoea chakula cha wenyeji, wala siku anapogundua duka linalouza unga wa kwao. Anaacha kuwa mgeni siku anapokuwa na uwezo, na ruhusa, ya kuwalisha wengine. Hoja hii naipima kwa mifano kadhaa: dago la wavuvi, kambi za mkonge za Tanga, nyumba za Muscat, na maisha ya watu wawili wa pwani waliofia Ujerumani.

Dago

Kwenda dago ni kuhama kwa msimu kufuata samaki. Mvuvi huacha mke na watoto, akachukua nyavu, sufuria, mkeka na wenzake, akaenda kukaa pwani ya watu. Wanaosifika zaidi kwa kazi hii ni Wakojani wa Pemba. Makambi yao yamejulikana kwa miaka mingi kuanzia pwani ya Tanga hadi Vanga, Shimoni na Malindi. Chombo kigeni hakipigi dago kimyakimya. Nahodha hutafuta mwenyeji wa kumdhamini, akapelekwa kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa kikundi cha kusimamia rasilimali za bahari, ambacho wavuvi wote hukiita BMU. Akishakubaliwa huonyeshwa pa kujenga banda la makuti.

Mpaka hapo yeye ni mgeni kama wageni wote. Mambo hugeuka chombo cha kwanza kinaporudi na samaki. Watu huingia majini mpaka magotini. Anayeshika ubavu wa ngalawa na kusukuma, hata kama ni mtoto aliyechelewa madrasa, ana haki ya samaki. Kabla mnada haujaanza, nahodha hutenga kitoweo: fungu la mabaharia, fungu la mwenyeji, na samaki wawili watatu kwa wazee waliokaa kivulini na kwa mjane asiye na mtu baharini. Changu wakubwa na kolekole husubiri mnada. Tasi na vibua ndio wanaotangulia kwenye ndoo za watu. Fungu hilo halipimwi kwa mizani, wala haliombwi kwa sauti.

Jioni kitoweo kile hurudi kambini kimebadilika sura. Mama aliyepokea tasi asubuhi amekwisha kuna nazi, amekamua tui la kwanza na la pili, na sasa anamtuma mwanawe na bakuli la mchuzi pamoja na bonge la bada, ule ugali wa muhogo ambao Tanga nzima inajivunia. Bakuli haliwezi kurudi tupu. Likilala kambini leo, kesho litarudi na pweza. Baada ya wiki chache hakuna awezaye kusema ni nani anamlisha nani, na hiyo ndiyo maana ya desturi yenyewe.

Kambini kwenyewe wanaume hula sinia moja. Kila mtu hula mbele yake, hachokonoi upande wa mwenziwe, na mdogo hanyanyui kipande cha samaki kabla ya mkubwa. Mtu akipita njiani lazima aitwe: “Karibu!” Naye asiyetaka kula hujibu, “Starehe.” Mwito huo huuandama mkono wa kila mwenye tonge, awe mwenyeji au Mkojani aliyeshuka juzi. Anayeita ndiye mwenye chakula, na mwenye chakula, kwa muda ule, ndiye mwenyeji. Kwa hiyo mvuvi wa dago huonja uenyeji mara kwa mara, hata kama hana hata shina moja la mnazi katika nchi ile.

Mpaka wa dola haukuweza kulitengua jambo hili. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kuigawa nchi kwa mstari unaoanzia mlango wa mto Umba, karibu na Vanga. Wadigo wakabaki pande zote mbili, wengine Kwale upande wa Kenya na wengine Mkinga, lakini mchuzi wao haukugawanyika, na mtu wa Moa anayekula Vanga hahesabu kwamba yuko ng'ambo. Kwa Wapemba waliolowea upande wa Kenya mambo yalikuwa magumu zaidi. Walivua, wakaoa, wakazaa na kuzikana huko kwa miongo mingi bila vitambulisho, hadi serikali ya Kenya ilipowatambua kuwa raia mwaka 2023. Jirani aliyekula samaki wao alikwisha watambua zamani. Karatasi ilichelewa nyuma ya sinia.

Kipimo cha posho

Sasa tugeuke nyuma, upande wa bara wa mkoa huohuo. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliingiza mkonge katika pwani hii, na baada ya muda mashamba yakatanda kuanzia Pangani na Tanga hadi Korogwe. Mkonge ulitaka mikono mingi kuliko iliyokuwepo. Wakaletwa wanaume kwa mikataba kutoka mbali: Wanyamwezi, Wabena, Wahehe, Wamakonde, na wengine kutoka Rwanda na Burundi. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alijulikana kwa namba yake.

Manamba na mvuvi wa dago wanafanana kwa mengi. Wote ni wanaume walioacha nyumba zao, wote wanalala mabandani, wote wapo kwa muda. Lakini manamba alikula posho. Unga wa mahindi, maharage na chumvi vilitolewa kwa kipimo kilichokadiriwa na mwenye shamba, kiasi cha kumtosha mtu mmoja afanye kazi hadi mgao unaofuata. Hesabu ile haikuwa na nafasi ya jirani. Mtu aliyepimiwa unga wa tumbo lake peke yake akisema “karibu” anatoa nguvu zake za kesho. Na mwenyeji wa Kibondei au Kidigo aliyepita karibu na kambi hakuwa na sababu ya kupeleka bakuli, maana hakuna kilichowahi kutoka kambini.

Ndiyo maana katika mkoa mmoja, hewa moja na mvua moja, mgeni wa baharini alikuwa mtu wa watu kwa msimu mmoja, na mgeni wa mkonge alibaki namba kwa miaka. Umbali wa kwao haukuwa sababu kubwa. Hali ya manamba ilibadilika alipopata pa kulima: tuta la viazi, mahindi kidogo, kuku wawili, mke wa kuja kukaa naye au wa kuoa hapohapo. Wengi wa waliofika hatua hiyo hawakurudi kwao. Wajukuu wao leo ni watu wa Muheza na Korogwe, na hakuna anayewauliza walikuja lini.

Kahawa mbili

Uhusiano wa pwani yetu na Oman ni wa karne nyingi, lakini ugeni nitakaouzungumzia ni wa juzi. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964, maelfu ya watu wenye asili ya Oman waliondoka visiwani. Sultan Qaboos alipochukua utawala mwezi Julai 1970 aliwaita Waomani waliotawanyika nje warudi kuijenga nchi. Waliotoka Afrika Mashariki walikuja na elimu, na Kiswahili, na vyungu vyao. Wengi walikuwa wakirudi katika nchi waliyokuwa hawajaiona kwa macho.

Ukitazama mezani unaweza kudhani hapakuwa na ugeni wowote. Watu wa Oman na wa pwani yetu wote hula wali kwenye sinia, wakikaa chini. Bokoboko ya ngano na nyama inayopikwa Tanga na Unguja kwa sherehe ina ndugu yake wa damu huko. Halua inayoliwa Muscat na ile ya Wete zimetoka katika wazo moja la wanga, sukari, samli na iliki. Tofauti iko katika nani ana haki ya kumnywesha nani, na kahawa inaionyesha wazi kuliko kitu kingine.

Katika nyumba ya Kiomani kahawa ni ya mwenye nyumba. Kijana husimama, dele mkono wa kushoto, vikombe mkono wa kulia, akamimina kidogo tu chini ya kikombe. Kujaza kikombe kungekuwa kama kumwambia mgeni anywe aende zake. Tende zimetangulia. Kahawa inanukia iliki, pengine na zafarani. Mgeni hupokea kwa mkono wa kulia, na akitosheka hukitikisa kikombe mara mbili tatu. Asipotikisa ataongezewa. Heshima yake imekamilika, lakini hana la kufanya ila kupokea.

Barazani kwetu, Moa au Tanga mjini, kahawa chungu huletwa na muuzaji. Amebeba dele lenye makaa chini yake na anagonga vikombe watu wamsikie. Pembeni ana kashata. Mgeni aliyefika asubuhi ile, mwenye shilingi chache mfukoni, anaweza kusema, “Wape watu kahawa.” Kwa neno hilo amewanywesha wazee, amenunua zamu yake ya kuzungumza, na kesho ataulizwa mbona hajaonekana.

Kwa mizani ya ukarimu, Oman inatushinda: mgeni wao hatoi hata senti, na huhudumiwa kwa utaratibu ambao sisi tumeuacha ulegee. Kwa mizani ya kumgeuza mgeni kuwa mwenzao, baraza letu ni jepesi zaidi, kwa sababu uenyeji wa pale haudai nyumba. Muscat yakubidi kwanza uwe na sebule yako, na dele lako, na kijana wa kumimina. Waliorudi kutoka Zanzibar walipata nyumba hizo, nao wakawa wenyeji. Lakini tazama walipoingia moyoni mwa nchi. Waliingia kwa mishkaki. Leo nyama ya vijiti inayochomwa kando ya barabara za Muscat huliwa na kila Mwomani, ajue Kiswahili asijue, na wali wa nazi na maandazi si vitu vya kufafanuliwa. Jamii ambayo mwanzoni ilitazamwa kama ya watu wa kuja sasa inailisha nchi barabarani, kwa jina lilelile lililotumika Forodhani, Unguja.

Jambo la namna hiyo limetokea Uingereza. Wahindi wa Afrika Mashariki waliohamia huko, wakiwemo waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, walikwenda na ulimi uliozoea muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu. Leo mikahawa ya Wahindi ya Leicester na London huuza chakula hicho kwa jina la mogo, na wateja wake ni watu wa kila taifa. Wahamiaji wale walipokewa kwa mapokezi ya kila aina, mengine ya chuki kabisa. Nafasi waliyoichukua bila kuomba ilikuwa ya nyuma ya kaunta, wakiwapakulia waliowapokea.

Meza za Ujerumani

Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, alizaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844. Mwaka 1866 aliondoka Zanzibar, na mwaka uliofuata akabatizwa Aden, akaolewa na mfanyabiashara Heinrich Ruete na kuhamia Hamburg, akiitwa Emily Ruete. Mume alifariki mwaka 1870 kwa ajali ya tramu na kumwacha na watoto watatu. Kumbukumbu zake, zilizochapishwa mwaka 1886, zinaieleza sufra ya baba yake kwa macho ya mtu anayeiona mbele yake: meza ndefu isiyozidi kiganja kimoja kwenda juu, Sultani amekaa kichwani, watoto wamepangwa kwa umri, mikono imenawishwa, jina la Mungu limetajwa.

Alieleza kwamba mwanzo alikusudia kuwaandikia watoto wake. Naliona jambo hili kuwa zito. Mama aliyekulia katika nyumba iliyolisha mamia ya watu kila siku aliishi nchi ambayo hakuweza kuandaa karamu hata moja ya kwao ikaeleweka. Hakuwa na ndugu wa kuketi kwa umri, wala majirani wa kupokea sinia. Akawalisha wanawe kwa kalamu. Kitabu chake kilisomwa sana, ila kusomwa hakukumpa ujirani. Alifariki Jena mwaka 1924.

Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za mashariki. Kitabu chake *Desturi za Wasuaheli* kilichapishwa Göttingen mwaka 1903 kwa uhariri wa Carl Velten, nacho kinaeleza maisha ya pwani tangu kuzaliwa hadi maziko, pamoja na sherehe, ngoma na adabu za watu. Hakuna Mswahili wa enzi ile aliyewapa Wajerumani maarifa mengi zaidi kuhusu namna watu wa pwani wanavyokaribishana. Wao walimkaribisha vipi? Baadhi ya wanafunzi wake, waliokuwa wakijiandaa kuja kututawala, hawakumpa heshima ya mwalimu. Mwaka 1904 alimwoa mwanamke wa Kijerumani, Bertha Hilske. Mwaka uliofuata alijaribu kurudi naye nyumbani, na serikali ya kikoloni ikamzuia asishuke naye Dar es Salaam. Akarejea Ujerumani, akafa huko mwaka 1927.

Dola ile ilitaka desturi zake na ikamkataa mwenyewe. Ilimlipa mshahara, kama mashamba ya mkonge yalivyotoa posho, na nchini mwake mwenyewe ikamfungia mlango asiingie na mke wake wakaweka nyumba. Msomi wa Berlin na kibarua wa Korogwe hawakufanana kwa elimu wala kwa kipato. Walifanana kwa kuwa kila mmoja alitumiwa kwa alichokuwa nacho, bila kupewa nafasi ya kuwa mwenye nyumba mbele ya watu wengine.

Pingamizi moja

Ataniuliza mtu: je, kitoweo si rushwa tu yenye adabu? Swali ni la haki. Pwani ya Tanga inajua ugomvi wa dago. Wenyeji hulalamika kwamba wageni wenye nyavu kubwa huzoa samaki wa mwambao, wakauza, wakahama, wakiwaachia madema matupu. Wapo manahodha waliotoa kitoweo kizuri asubuhi na kuharibu mwamba usiku. Bakuli la mchuzi halirudishi matumbawe yaliyovunjwa.

Nakubali, na ndiyo sababu desturi ya dago haikuishia kwenye kitoweo. Ilidai mdhamini, ruhusa na mipaka ya kuvua, na ilimfanya mwenyeji awajibike kwa makosa ya mgeni wake. Kulisha kunamwingiza mtu katika hesabu za kijiji, na aliyeingia katika hesabu ana la kujibu. Mgeni asiyetoa chochote hadaiwi chochote. Hufika, huchukua, huondoka, na hakuna wa kumwita barazani. Mahali kitoweo kilipogeuka kuwa malipo ya kunyamazisha watu, kosa ni la waliokipokea wakaacha kuuliza maswali.

Jiko la nani?

Hayo yote yangebaki historia kama pwani yetu isingekuwa inapeleka watu nje hivi sasa. Wasichana na akina mama wengi wa Tanzania, wa pwani wakiwemo, wanakwenda Oman na nchi jirani kufanya kazi za nyumbani. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2017 kuhusu wafanyakazi wa nyumbani wa Kitanzania huko Oman na Falme za Kiarabu iliandika habari za pasipoti zilizochukuliwa, saa za kazi zisizo na mwisho na mishahara isiyolipwa. Zipo pia nyumba zinazowatendea wema, na wanaorudi husema hivyo bila kusita.

Lakini hata katika nyumba njema, itazame hali ya dada huyu kwa kipimo cha dago. Anashinda jikoni kutwa. Anapika wali wa watu kumi na kumimina kahawa ya wageni. Katika chakula chote kile hakuna sahani moja ambayo ni yake kumpa mtu. Hawezi kusema “karibu”. Asipokuwa na siku ya mapumziko hana pa kukutana na wenziwe wa Tanga au Unguja wanaofanya kazi mtaa wa pili, wakapika mbaazi za nazi wakala pamoja. Yuko katika nchi ambayo watu wake wanakula mishkaki ya kwao, wanaelewa lugha yake, wanajua bokoboko. Chakula si kigeni kwake hata kidogo. Ugeni wake uko kwenye mkataba.

Kwa hiyo wazazi wa Moa wanaoletewa habari za kazi za Uarabuni wasiishie kuuliza mshahara na tiketi. Waulize kama binti atakuwa na siku yake katika wiki, kama anaweza kutoka kuonana na wenziwe, kama ataruhusiwa kupika cha kwake kwa fedha yake na kukila na amtakaye. Serikali zinazoandika mikataba hiyo ziyaandike mambo haya waziwazi pamoja na saa za kazi na pasipoti kukaa kwa mwenyewe. Na sisi tunaopokea wageni hapa, wavuvi, vibarua, walimu waliohamishiwa kutoka bara, tusiridhike kuwalisha mpaka washibe. Mtu akituletea bakuli lake tulipokee, tukile chakula chake hata kama chumvi yake si yetu, tumrudishie bakuli na kitu ndani.